Akiba ya Maji ya Sabaki: Shamba, Umeme na Mji

Mtu asimamaye juu ya daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, katika mwezi wa Mei, huona mto mpana wenye maji mazito ya rangi ya udongo mwekundu, ukienda kwa nguvu na kuipaka bahari rangi yake hata mbali na pwani. Mtu huyo huyo akirudi mahali hapo mwezi wa Septemba, au mwezi wa Februari, aweza kuona mchanga mwingi kuliko maji. Mto ni mmoja na daraja ni moja. Kilichobadilika ni majira.

Vipimo vyaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Wakati wa ukame mkubwa maji ya Sabaki yamepata kushuka hata yasifike mita 1 ya ujazo kwa kila sekunde, yaani madebe 50 ya lita 20. Wakati wa mafuriko, maji yapitayo pale pale kwa sekunde moja huwa mamia ya mita za ujazo. Maji ya mwaka mzima ni mengi, lakini sehemu kubwa hupita kwa majuma machache, tena wakati ambapo mvua inanyesha na mkulima hana haja ya kumwagilia.

Kwa sababu hiyo watu wengi wa Magarini, Malindi na Kilifi huuliza: Kwa nini maji hayo yasizuiwe katika bwawa, yakatumiwa wakati wa kiangazi kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme? Swali hilo ni jema. Lakini yafaa ifahamike kwamba kujenga ukuta wa bwawa ni kazi ifanywayo mara moja tu, ingawa ni kubwa na ya fedha nyingi. Kuyagawa maji yaliyo nyuma ya ukuta ni kazi isiyokwisha, mwaka hata mwaka, na hiyo ndiyo ielezwayo hapa.

MTO UTOKAKO

Sabaki ni jina la mto huu unapofika mwisho wa safari yake. Huanza katika nchi ya juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukazunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, ukashuka Ukambani kando ya uwanda wa juu wa Yatta. Katika mbuga ya Tsavo hukutana na mto Tsavo, ambao hupata maji ya chemchemi za Mzima, na tangu hapo huitwa Galana. Hupita maporomoko ya Lugard, na mwisho hufika pwani ukiwa Sabaki. Kwa hiyo mvua kubwa inyeshayo Machakos huweza kufika Chakama na Garashi siku kadhaa baadaye kama mafuriko, hata kama huko Garashi jua linawaka.

Mto hujazwa na misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei au Juni, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna vipindi viwili vya ukavu, kimoja cha tangu Juni hadi Oktoba, na kingine cha Januari hadi Machi. Bwawa katika mto wa namna hii lina nafasi mbili za kujaa kila mwaka, na kila baada ya nafasi hiyo lapaswa kuwalisha watu miezi mingi.

Haja ya maji katika Sabaki si ndogo. Huko Baricho visima vilivyochimbwa katika mchanga wa bonde la mto hutoa makumi ya maelfu ya mita za ujazo za maji kila siku, na maji hayo hupelekwa kwa mabomba Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Tena mwaka 2014 Serikali ilianzisha shamba la mfano la eka 10,000 katika Galana Kulalu. Eka moja ya mahindi, tangu kupandwa mpaka kukomaa, huhitaji maji kiasi cha mita 2,000 za ujazo, yaani madebe 100,000. Eka 10,000 basi zahitaji mita milioni 20 za ujazo kwa msimu mmoja. Zikigawanywa katika siku 100, haja hiyo ni zaidi ya mita 2 za ujazo kwa kila sekunde, na mto wenyewe umepata kushuka chini ya mita 1. Hapo ndipo faida ya kuweka akiba ionekanapo.

TABAKA TATU ZA BWAWA

Bwawa hufanana na uchaga wa mahindi juu ya moto wa kupikia. Mama mwenye nyumba hatazami mahindi yaliyopo tu, bali hutazama pia miezi iliyobaki mpaka mavuno, na watu wangapi watakula, na mbegu atakayoibakiza. Mlinzi wa bwawa hufanya hesabu hiyo hiyo, na kwa ajili yake huyagawa maji katika tabaka tatu.

Tabaka ya chini kabisa huitwa maji mafu. Haya hayatolewi, kwa kuwa yako chini ya mlango wa kutolea maji; na mahali hapo ndipo tope la mto hutua. Tabaka ya kati ni maji ya kazi, nayo ndiyo akiba yenyewe. Tabaka ya juu huachwa wazi makusudi, ili mafuriko yakija kwa ghafula yapate mahali pa kukaa. Mabwawa mengine yana milango ya chuma ya kufungulia maji ya ziada. Mengine yana ukingo tu, na maji yakiupita humwagika yenyewe. Katika bwawa la namna hii ya pili hakuna njia ya kuyazuia yakiisha kujaa. Nafasi ya mafuriko ni lazima itayarishwe mapema, kwa kuyatumia maji kabla ya mvua.

WENYE HAJA TATU

Ugumu wa kazi hii watokana na kwamba watu wanaolitegemea bwawa wanataka mambo yasiyopatana.

Mtu wa umeme ataka bwawa lijae siku zote. Nguvu ya umeme hutokana na wingi wa maji na kimo cha kuanguka kwake. Mita 1 ya ujazo ya maji ikianguka kimo cha mita 100 na kuzungusha mashine, hutoa karibu robo ya uniti moja ya umeme. Maji yakishuka bwawani, kimo hupungua, na debe lile lile la maji hutoa umeme mdogo zaidi. Tena yeye hupenda kuyafungulia hasa tangu saa moja hata saa nne usiku, wakati taa za mijini na vijijini zinapowashwa.

Mkulima ataka bwawa litumiwe. Kwake maji yanayobaki bwawani wakati mahindi yake yananyauka hayana maana. Huyahitaji kwa wingi katika majuma ya ukavu, hasa mahindi yanapochanua. Na maji yake hayarudi yote mtoni, kwa maana hunywewa na mimea na jua. Maji ya umeme ni tofauti: yakiisha kuzungusha mashine huendelea na safari yake, na aliye chini aweza kuyatumia tena.

Mtu akaaye kando ya mto, bondeni, ataka bwawa liwe na nafasi kabla ya masika na kabla ya vuli, ili mafuriko yasimfikie. Mwaka 2018 Sabaki ilipofurika, watu wengi wa Magarini walilazimika kuyahama makazi yao. Mtu wa namna hiyo hafurahii habari kwamba bwawa limejaa mpaka ukingoni siku ya kwanza ya mvua.

Juu ya hao watatu kuna mtu wa mjini, ambaye hataki mengi, lakini haja yake haina siku ya kupumzika; na kuna mto wenyewe, wenye samaki, mikoko ya mdomoni na ziwa la Jilore, ambalo hupata maji ya Sabaki inapofurika. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka utaratibu juu ya jambo hili. Maji ya lazima kwa uhai wa watu na kwa kuhifadhi viumbe vya mto hutangulia matumizi mengine yote, na maji ya nyumbani hutangulia ya mashamba na viwanda. Sheria hiyo huonyesha nani aanze, lakini haionyeshi ni siku gani yapasa kuanza kupunguza. Hilo hutafutwa kwa hesabu.

HESABU YA MWEZI WA JUNI

Tuchukue mfano wa bwawa ambalo mwisho wa masika limejaa, na maji yake yote yahesabiwe kuwa sehemu 100. Katika hizo, sehemu 10 ni maji mafu. Kila mwezi mashamba yatumia sehemu 8, miji sehemu 3, mto ulio chini waachiwa sehemu 3, na jua lanyonya sehemu 2. Jumla ni sehemu 16 kwa mwezi. Tangu Juni hadi mwisho wa Oktoba ni miezi mitano, nazo ni sehemu 80. Zabaki 20, na ukitoa maji mafu zabaki 10 tu.

Vuli ikinyesha vizuri, hakuna taabu. Lakini vuli ikikosekana, mvua nyingine ni ya mwezi wa Machi au Aprili, miezi mitano mbele. Hata mashamba yakinyimwa maji kabisa, miji, mto na jua vyahitaji sehemu 8 kila mwezi. Sehemu 10 zitakwisha katika muda wa mwezi mmoja na siku chache.

Sasa tuseme mlinzi wa bwawa aliona dalili mbaya mwezi wa Agosti, akapunguza maji ya mashamba kutoka sehemu 8 hadi 4. Katika miezi mitatu ameokoa sehemu 12, naye aingia Novemba akiwa na sehemu 22, zitakazotosha karibu miezi mitatu. Na kama alifanya hivyo tangu Juni, ameokoa sehemu 20, naye ana sehemu 30, za kutosha karibu miezi minne. Upungufu uliosalia ni mdogo, na waweza kustahimiliwa.

Lakini tofauti kubwa ya Juni na Agosti si hizo sehemu 8 za maji. Mkulima aliyeambiwa mwezi wa Juni, kabla ya kupanda, kwamba mwaka huu atapata nusu ya maji, hupanda nusu ya shamba, au hupanda kunde na pojo badala ya mahindi, naye huvuna alichopanda. Mkulima aliyeambiwa mwezi wa Agosti, mbegu, mbolea na vibarua vikiisha kulipwa, hupoteza vyote. Maji yaliyopunguzwa ni sawasawa kwa wote wawili. Mmoja amepata nusu ya mavuno, na mwenziwe amepata deni.

Kwa hiyo wataalamu huchora mstari mmoja wa mwaka mzima, unaoonyesha kila mwezi kimo ambacho maji hayapaswi kushuka chini yake, na mwingine wa kimo ambacho hayapaswi kukipita kabla ya mvua. Kimo cha maji husomwa kila siku. Kikishuka chini ya mstari, matumizi hupunguzwa kidogo na mapema, badala ya kukatwa yote kwa ghafula baadaye.

FUNZO LA MTO TANA

Jambo hili si la kubuni. Jirani wa Sabaki upande wa kaskazini, mto Tana, una mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kufanya kazi lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968. Masinga, lililo juu ya yote, lilimalizika mwaka 1981, nalo liliwekewa nafasi ya mita milioni 1,560 za ujazo. Bwawa hilo ndilo ghala la mengine. Maji yakitoka Masinga hufanya kazi mara tano kabla ya kwenda Garissa, Hola na Garsen. Umeme wa Kiambere hushuka kwa nyaya mpaka Rabai, katika Kilifi, na kwa njia hiyo watu wa pwani nao ni washiriki wa maji ya Tana.

Mwezi wa Juni 2009, baada ya mvua kukosekana, maji ya Masinga yalishuka hata mashine zake zikasimamishwa. Mwezi wa Agosti umeme ukaanza kugawiwa kwa zamu. Maji yanapokosekana namna hiyo, umeme hutafutwa katika mashine zichomazo mafuta, kama zile za Rabai, na gharama ya mafuta huongezwa katika bei alipayo kila mwenye taa nyumbani. Miaka 15 baadaye, katika masika ya mwaka 2024, mambo yalikuwa kinyume. Mabwawa hayo yalijaa mpaka yakamwagika, na nchi ya chini, Garissa na Tana River, ikafunikwa na maji. Ukuta haukubadilika. Mvua ndiyo iliyobadilika, na hakuna ajuaye mwezi wa Januari masika yatakuwa ya namna gani. Ndiyo maana hesabu haifanywi kwa mwaka mwema peke yake, wala kwa mwaka mbaya peke yake.

Jua nalo lina sehemu yake. Ziwa la Masinga likijaa lina eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Jua la nchi ile hunyonya zaidi ya mita moja na nusu ya maji kwa mwaka. Mita moja tu juu ya eneo hilo ni mita milioni 120 za ujazo. Mtu awekaye maji kwa woga, asiyatumie, huyapoteza vilevile.

THWAKE NA WATU WA SABAKI

Mambo hayo sasa yawahusu watu wa Sabaki kwa karibu zaidi kuliko zamani. Mwaka 2018 ilianza kazi ya kujenga bwawa la Thwake, mahali mto Thwake unapoingia katika Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukuta wake ulikusudiwa kuwa na kimo cha mita 80 hivi, na ghala la maji la mita karibu milioni 680 za ujazo. Kazi zake zilipangwa kuwa maji ya kunywa kwanza, kisha umeme wa megawati 20 hivi na umwagiliaji wa mashamba.

Bwawa kubwa katika Athi hubadili tabia ya Sabaki. Laweza kuwa neema, kwa kupunguza nguvu ya mafuriko na kuachia maji mwezi wa Septemba, wakati mto uliokuwa ukikauka. Laweza pia kuwa taabu, kama maji yote ya kiangazi yakitumiwa juu na yasiachwe ya kutosha visima vya Baricho, ambavyo hulishwa na mchanga wenye maji ya mto. Mafuriko madogo nayo si adui sikuzote. Huyaletea mashamba ya bondeni udongo mpya wenye rutuba, hujaza Jilore, na hulowesha mchanga. Katika nchi nyingine walinzi wa mabwawa huachia maji mengi kwa siku chache kila mwaka makusudi, ili kuiga mafuriko madogo ya asili.

TOPE, MWIZI WA AKIBA

Ghala laweza kuibiwa bila maji kupungua mtoni, na mwizi wake ni tope. Upimaji wa Masinga wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu sehemu moja katika kumi ya nafasi yake ilikuwa imejaa udongo. Mto Athi huchukua udongo mwingi pia. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza habari za tumbawe moja la bahari ya Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi, ambalo limetunza katika tabaka zake kumbukumbu ya udongo wa Sabaki. Kumbukumbu hiyo yaonyesha kwamba udongo uliongezeka sana tangu mwanzo wa karne ya 20, watu walipozidi kulima na kukata miti huko juu. Mkulima wa Machakos achimbaye makingo ya kuzuia udongo katika shamba lake, bila kujua, hulitunza bwawa, na hulinda matumbawe na uvuvi wa Malindi.

YAPASAYO WATU WA BONDENI

Mtu wa Chakama au Mambrui hashiki mlango wa bwawa, wala hausogei. Hata hivyo kuna mambo yaliyo katika uwezo wake.

Kwanza, kuna vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na sheria. Katika chama cha namna hiyo mwenye pampu ya Garashi na mwenye pampu ya Baricho hupanga zamu, badala ya kushindana kunyonya maji siku moja, na sauti yao husikika penye kugawiwa maji ya mto mzima.

Pili, yafaa waulize mambo matatu, na wayaulize masika yanapokwisha, wasingoje mto ukauke: Kimo cha maji ya bwawa ni kipi sasa? Kiasi gani kitaachiwa mto mpaka vuli? Na maji mengi yakifunguliwa au yakimwagika, habari itafikaje bondeni, na itatangulia kwa siku ngapi? Maji huchukua muda kusafiri kutoka Ukambani hadi pwani, na habari yaweza kuyapita mbio, ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kuituma na mwingine aliyepewa kazi ya kuipokea.

Tatu, mkulima asipande kwa kutazama mto ulivyo siku ya kupanda. Mwezi wa Juni Sabaki bado ina maji, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Apande kwa kadiri ya maji atakayoyapata mwezi wa Septemba.

Akiba ikigawiwa kwa hesabu na ikatangazwa mapema, mwaka wenye mvua chache huleta mavuno machache tu. Ikigawiwa kwa kubahatisha, mwaka huo huo huleta shamba kavu, taa zilizozimika na bomba lisilo na maji. Mvua haiwezi kuamriwa na mtu yeyote, lakini siku ya kufanya hesabu yaweza kuchaguliwa, nayo ni siku ambayo bwawa bado limejaa.